Fumbo Linalokulipa: Papers, Please na Karai la Zebaki

Katika semina za maadili kuna swali ambalo halikosi. Mtumbwi unazama. Ndani yumo mama yako, mke wako na mwanao, na wewe una nguvu za kumwokoa mmoja tu. Utamwokoa nani? Darasa linagawanyika, mmoja anapiga meza, mwingine anataja Biblia, wa tatu anauliza kwani hao watu hawajui kuogelea. Muda ukiisha tunaenda kantini. Hakuna aliyelowa. Swali ni zuri, na wazee wetu waliliuliza kwenye moto kabla sisi hatujawa na madaftari ya kuandikia, lakini jibu lake halimgharimu mtu chochote.

Liko fumbo jingine ambalo wengi tulilipata shule ya msingi. Mtu ana chui, mbuzi na majani, na mtumbwi wake unabeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo. Avushe vipi ili mbuzi asile majani, wala chui asimle mbuzi? Hapa kuna akili tupu, maadili hayamo. Ukikosea, mbuzi ameliwa kichwani mwako tu, unaanza upya.

Kwa hiyo tuna mitumbwi miwili. Mmoja una maadili bila hesabu, mwingine una hesabu bila maadili. Ninachotaka kueleza hapa ni kinachotokea vikichanganywa kweli, hesabu yenyewe ikawa ndiyo maadili. Nitatumia magemu ya kompyuta, kwa sababu wengi wetu hosteli tunayacheza usiku halafu mchana tunajifanya hatuyajui. Nitatumia pia karai la dhahabu, kwa sababu nimekulia Kahama na likizo zangu nyingi zimepita Nyarugusu, mkoani Geita, kwa mjomba.

Tuanze na gemu lililofaulu nusu. Catherine lilitoka Japani mwaka 2011, kazi ya kampuni ya Atlus, na ni la watu wazima, si la kumwachia mdogo wako. Vincent ana miaka 32. Mchumba wake wa siku nyingi, Katherine, jina linaanza na K, anataka waoane. Mara asubuhi moja Vincent anaamka na msichana mwingine kitandani, naye ni Catherine, ila wa C. Jioni zake ni baa, pombe, meseji na uongo. Usiku anaota anapanda mnara wa matofali makubwa unaobomoka chini yake, na wewe mchezaji unayavuta na kuyasukuma upesi ili apate ngazi. Mjini kuna uvumi kwamba ni laana inayowakuta wanaume wasaliti, na anayeanguka ndotoni haamki. (Mtu wa Usukumani hahitaji kuelezwa mara mbili jinsi uvumi wa namna hiyo unavyotembea.)

Kati ya hatua na hatua Vincent anaingia kwenye kibanda kama cha maungamo, anaulizwa: ndoa ni mwanzo wa maisha au mwisho wake? Kuna kamba mbili, unavuta moja. Mshale unasogea upande huu au ule, na hadithi itaishia kwa kufuata mshale.

Nalipenda gemu hili, na matofali yake yatakukosesha usingizi kweli. Mada yenyewe si ngeni kwetu. Anayezijua baa za Katoro na wanaume walioacha familia kijijini msimu mzima amemwona Vincent kwa macho yake. Lakini tazama lilivyojengwa. Kamba ulizovuta hazikuzuii kupanda. Unaweza kuwa bingwa wa matofali na mwongo wa kutupwa, au mwaminifu usiyejua kupanda. Mitumbwi yetu miwili imefungwa kamba ikaelea pamoja, basi.

Papers, Please lilitoka Agosti 2013. Mtengenezaji wake, Mmarekani Lucas Pope, alilifanya karibu peke yake. Nchi ni ya kubuni, inaitwa Arstotzka, mwaka ni 1982. Umeshinda bahati nasibu ya ajira na umepewa kibanda cha ukaguzi mpakani. Watu wanaingia mmoja mmoja. Unalinganisha pasipoti na kibali, picha na sura, tarehe, muhuri, uzito. Kila kukicha kuna sheria mpya. Fumbo ni kuona kosa kabla siku haijaisha, maana malipo ni kwa kichwa: krediti 5 kwa kila uliyemshughulikia sawasawa. Ukikosea mara mbili kwa siku unapewa onyo tu, kuanzia la tatu unakatwa hela. Jioni inakuja orodha: kodi, chakula, joto, dawa. Chini yake wapo mke, mtoto, mama mkwe na mjomba, na pembeni ya kila mmoja imeandikwa hali yake. Hela isipotosha, unaamua mwenyewe usilipie nini.

Sasa anakuja mwanaume, karatasi zake safi. Anakwambia mke wangu yuko nyuma, muonee huruma. Mke anafika, hana kibali, anasema akirudishwa atauawa. Hapa ndipo gemu linanifanya nisimame. Swali linalonijia siyo "huruma ni wajibu au hiari?" Linalonijia ni "onyo langu la bure la leo bado lipo?" Kama lipo, mama anapita na mimi najiona mtu mwema sana. Kama nimeshayamaliza kwa uzembe wa asubuhi, huruma ile ile sasa ina bei, na bei hiyo inatoka kwenye dawa ya mtoto. Siku nyingine msichana anakuachia karatasi yenye jina la mwanaume anayekuja nyuma: amewaahidi kazi, anashika pasipoti zao, na watakachofanyishwa huko ni biashara ya miili yao. Mwanaume anafika, karatasi zake hazina doa hata moja. Kumzuia ni kosa la kikazi.

Nilimsimulia mjomba gemu hili tukiwa tumekaa nje jioni. Hakuuliza yule mama alipona au vipi. Aliuliza, "Huyo mkaguzi analipwa mshahara au kwa kichwa?"

"Kwa kichwa."

"Basi mjomba, hapo mnajadili nini?" Kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo. "Mtu wa kwa kichwa hawezi kukaa anamwangalia mtu usoni."

Mjomba hajawahi kusoma falsafa. Ila amekaa kwenye maduara zaidi ya miaka 20, na huko hakuna mshahara. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara fungu lake, wachimbaji fungu lao. Mgao unaosikika sana ni 30, 40, 30 kwa mia, ingawa kila machimbo yana desturi yake. Mwamba usipotoa, umefanya kazi bure kabisa. Kila saa unayoitumia kusimamisha matimba ili ukuta usianguke ni saa ambayo hujatoa mawe. Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, na watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Tulisherehekea, na tulikuwa na haki. Lakini bei ya matimba haikushuka kwa sababu hiyo.

Mfano ulio mkali zaidi kuliko matimba ni karai. Mawe yakitoka duarani yanakwenda karasha, yanasagwa, unga unaoshwa kwenye ubao uliotandikwa magunia, kile kizito kinachobaki kinatiwa kwenye karai pamoja na maji na zebaki. Mtu anakoroga kwa mkono mtupu. Zebaki inakumbatia chembe za dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa, linabaki donge la kijivu. Donge linachomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 hivi, inaondoka kama mvuke usioonekana, dhahabu inabaki njano. Mvuke huo ukivutwa unaharibu neva: mikono inatetemeka, kumbukumbu inapotea, na wanaoumia zaidi ni watoto na walio tumboni. Uliobaki unashuka kwenye udongo na maji, mwishowe kwenye samaki.

Kifaa cha kuzuia kipo tena si cha ajabu: chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, mvuke unapoa ndani ya bomba na zebaki inarudi, unaitumia tena. Ni nafuu kiafya na hata kifedha. Kwa nini basi kimekaa kwenye kona kikishika kutu? Watu wa semina hujibu "elimu duni". Hilo ni jibu la mtu ambaye hajasimama pale. Donge ni la watu wengi. Mwakilishi wa mwenye leseni yupo, mwenye duara yupo, wachimbaji wamezunguka, mnunuzi anasubiri na mizani. Kila mmoja anataka kuona donge likigeuka rangi mbele ya macho yake. Ukilifungia ndani ya chuma kwa muda, likitoka dogo kuliko walivyotarajia, wewe uliyelichoma ndiye mwizi. Moto wa wazi unaua polepole, lakini ndiyo risiti ya kundi zima. Ukiufunika umelinda mapafu yao na umevunja uaminifu wao, yote kwa mfuniko mmoja.

Hilo ndilo fumbo ambalo Pope angelielewa haraka. Na lina sehemu ya pili. Zebaki mara nyingi haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyobaki imo kwenye mchanga uliooshwa, yaani marudio, na marudio mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha. Yeye anayakusanya, kisha yanaloweshwa kwa sayanaidi na dhahabu iliyobaki inatolewa. Kwa hiyo aliyevuta mvuke ameondoka na fungu dogo, na asiyeuvuta ana kubwa. Mchimbaji analijua hilo vizuri tu. Ila sayanaidi inahitaji mtaji na siku nyingi, na watoto wake wanakula leo.

Mwaka huo huo wa 2013, mwezi ule ule wa Agosti, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto na zebaki kwenye machimbo madogo ya Tanzania, likiwa limefanya utafiti Chunya, Geita na Kahama. Oktoba mwaka huo dunia ikapitisha Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia baharini na kuwasumisha wala samaki. Ukaanza kutumika mwaka 2017. Mkataba unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha kuchoma donge kwenye moto wa wazi, kulichoma kwenye makazi ya watu, na kuloweka kwa sayanaidi marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Naukubali kila mstari. Hata hivyo, anapofika bwana afya na bango lake, anaongea na mtu wa mtumbwi wa kwanza: chagua jema. Nani amemuuliza jioni watu watahakikishaje mgao wao kama donge limefunikwa? Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, limesaidia kwenye mizani ya mwisho. Mizani ya pale kwenye karai bado ni macho.

Kuna gemu liliwahi kugusa migodi ya jirani zetu. Phone Story la mwaka 2011, la kundi la Molleindustria, linakuweka uwe askari anayewasimamia watoto wanaochimba koltani Kongo ili simu yako itengenezwe. Apple waliliondoa kwenye duka lao muda mfupi baada ya kutoka. Ujasiri wake naupenda. Ila linakunyooshea kidole tangu mwanzo, hukupata nafasi ya kujidanganya, na ukatili mwingi ninaoujua unaanzia kwenye kujidanganya kadogo, ka siku moja, ka onyo la bure.

Semista iliyopita, mimi na mwenzangu wa uhandisi wa kompyuta tulianza kuchora gemu la karai kwenye karatasi. Mchezaji ni yule anayechoma. Mbele yake wanakuja makundi na madonge yao, na kila kundi lina kiasi cha imani kwake. Akifunika, imani inashuka. Akiacha wazi, foleni inakwenda haraka na analipwa. Fumbo ni kupanga nani afunikiwe lini, nani ashike mfuniko kwa mkono wake mwenyewe, nani apimiwe donge kabla na baada mbele ya wenzake ili imani irudi. Hapo hesabu inachezeka, tumeijaribu kwa kete na vizibo vya soda na watu wa hosteli waligombana vizuri.

Tulipokwama ni jioni. Kwa Pope adhabu inachapwa hapo hapo, na orodha ya usiku inakuonyesha mtoto ana baridi, mama mkwe anaumwa. Zebaki haifanyi hivyo. Tumecheza siku 30 za gemu letu tukichoma wazi kila siku, na kila jioni orodha ya familia inasomeka vile vile: mke mzima, mtoto mzima, jirani mzima. Mwenzangu anataka tuweke rangi inayofifia taratibu pembeni ya majina. Mimi nakataa, kwa sababu Nyarugusu hakuna rangi. Karatasi zipo kwenye chumba cha chama, kabati la pili, na vizibo vyake; mwenye wazo aje Alhamisi baada ya vipindi.