Mbuzi wa Idd: Kuchinja Mwenyewe ao Kumpa Mchinjaji?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Kila inapokaribia Idd ya kuchinja, watu wa Kasongo na Kabambare wanatuuliza: mwenye mbuzi achinje kwa mkono wake, ao ampe mchinjaji?

Jibu: kuchinja mwenyewe ni bora. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alitoa ngamia 100. Alichinja 63 kwa mkono wake, waliobaki akamwachia Sayyidina Ali. Basi kumpa mwingine pia kunaruhusiwa. Asiyejua kuchinja, ao ambaye mkono unamtetemeka, ampe Mwislamu anayejua, mwenye kisu kikali, naye asimame karibu. Kumtesa mnyama si ibada.

Lakini wengi tunaharibu mwishoni. Mchinjaji anabeba ngozi na kichwa, nasi tunasema: "Hayo ndiyo malipo yake." Sivyo! Ali mwenyewe alisimulia kwamba Mtume alimkataza kumlipa mchinjaji kitu chochote cha mnyama yule. Malipo yalitoka pembeni. Ukilipa kwa ngozi, umeuza kitu ulichokwisha kumtolea Mwenyezi Mungu.

Fanyeni hivi: mpatane bei mbele ya kuchinja, umlipe makuta ya mfukoni mwako. Kisha, kama ni masikini ao jirani, umpe nyama kama sadaka ao zawadi, sawa na wengine. Ngozi nayo itolewe sadaka.

Mwenyezi Mungu atutakabalie. Amin.