SOMO LA ROBO HII: KISUKARI NA MACHOZI

Ndugu wanakamati na wafadhili, tunapozungumzia kisukari na macho, wengi wetu hufikiria upofu unaotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu nyuma ya jicho. Katika somo hili tunaangalia sehemu ya mbele, yaani machozi. Hapa Kawe mtu akiwashwa macho hulaumu vumbi la barabarani au moshi wa mkaa, na mara nyingi ni kweli. Kwa mwenye kisukari, sababu inaweza kuwa sukari yenyewe.

Machozi ni nini?
Machozi si maji matupu. Yana ute unaoyashikiza kwenye jicho, maji yenye chumvi na kinga dhidi ya vijidudu, na mafuta yanayozuia maji yasikauke upesi. Maji hayo hutoka hasa katika tezi ya machozi, iliyo juu ya jicho upande wa nje. Mafuta hutoka katika tezi ndogo za kope.

Kisukari hufanya nini?
Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu ya kioo cha jicho. Mishipa hiyo ndiyo hutoa taarifa kwamba jicho limekauka. Ikidhoofika, tezi haipati amri ya kutosha na machozi hupungua. Ute nao hupungua, na machozi yanayobaki huwa na chumvi na sukari zaidi.

Hatari kubwa ni kwamba mgonjwa anaweza asisikie maumivu. Mchanga humkwaruza bila yeye kujua, na kidonda chake hukawia kupona. Kwa hiyo kutosikia maumivu si ushahidi wa uzima.

Kamati zifanye nini?
1. Zihimize washarika wenye kisukari wapimwe macho kila mwaka, hata kama wanaona vizuri. CCBRT, Msasani, na Muhimbili wana huduma za macho.
2. Zionye dhidi ya kununua dawa ya matone bila ushauri. Yenye steroidi yanaweza kupandisha presha ya jicho.
3. Zikumbushe kwamba machozi ya bandia hupunguza ukavu tu. Dawa za kisukari zisiachwe.

Kwa wafadhili: tunapopanga siku ya kupima sukari, tuweke pia fungu la kupima macho.

Swali la kujadili: Katika mtaa wenu, nani anawajua wenye kisukari wasiolalamika?