Dondoo muhimu: Vyuma kwa mwanasoka chipukizi
Vyuma havimdumazi mtoto akisimamiwa vizuri. Kinachomwumiza ni mzigo mkubwa kabla hajajua mkao. Aanze kuchuchumaa bila uzito, mgongo umenyooka, magoti yakielekea upande wa vidole vya miguu.

Zoezi ambalo kocha asiliache kamwe ni la misuli ya nyuma ya paja: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole hadi mikono iguse chini. Limo katika FIFA 11+, programu ya mazoezi ya kuzuia majeraha, na likifanywa kwa uthabiti hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Marudio 3 hadi 5 yanatosha kuanzia.

Ligi ikianza, punguza vyuma, usiviache. Mkesha wa mechi, pumzika.