Ndege wa Ufukoni na Safari ya Kuwatazama

Kando ya mito na maziwa hutembea ndege wadogo ambao chakula chao ni wadudu na viumbe wengine wa matopeni. Pwani ya bahari huonekana makundi kwa makundi maji yanapokupwa, lakini baadhi yao hufika hata bara. Mmoja wao huitwa kitwitwi. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo, tumbo lake ni jeupe, na mkia wake hautulii. Huupandisha na kuushusha kana kwamba amekanyaga majivu ya moto.

Siku moja wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja ya Biharamulo walimwomba mwalimu wao awapeleke kuwatazama ndege hao ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Chato, nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Wakasema, "Mwalimu, twende mwezi wa saba, maana shule imefungwa, tena mvua hakuna."

Mwalimu akajibu, "Shauri lenu ni jema, lakini mgeni hatembelewi siku ambayo amekwenda kwao. Mwezi wa sita na wa saba wengi wao wako Ulaya na Asia ya kaskazini. Huko ndiko watagako mayai, kwa kuwa siku ni ndefu na wadudu ni tele. Baridi ikikaribia, hurudi kwetu. Kuanzia mwezi wa nane huanza kufika, na mwezi wa nne huondoka. Basi tutakwenda mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi."

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Watu walijuaje kwamba ndege wa Ulaya huja Afrika?"

Mwalimu akasema, "Mwaka 1822, katika nchi ya Ujerumani, alipatikana korongo mweupe aliyechomwa shingoni mkuki wa Kiafrika, naye alikuwa ameruka nao mpaka huko. Hapo watu wakapata ushahidi. Kisha mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, jina lake Mortensen, akaanza kuwavika ndege pete zenye namba miguuni, ili atakayewaona awajue. Nanyi mkiona ndege mwenye pete, andikeni namba yake."

Basi wakaanza kufanya matayarisho. Kwanza, walipata ruhusa ya wazazi wao, kisha wakapeleka habari kwa wakuu wa kijiji cha ufukoni. Walifundishwa pia kwamba atakaye kuingia katika Hifadhi ya Taifa, kama ile ya Burigi-Chato iliyoundwa mwaka 2019, hana budi kupata idhini ya wenye kuilinda. Pili, walikubaliana kwamba mtu asiingie majini, kwa maana ziwani mna mamba na viboko, tena vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono na kupenya ngozi ya mtu. Tatu, kila mmoja alichukua daftari, kalamu, maji ya kunywa na chakula. Darubini ilikuwa moja tu, nao wakapanga zamu.

Siku ilipofika, waliondoka alfajiri. Walipofika ufukoni waliwaona vitwitwi watano wakila matopeni. Kijana mmoja alikuwa ameficha manati mfukoni. Akaokota jiwe, akasema kwa sauti ndogo, "Sitampiga, nataka kuwarusha tu, tuone mabawa yao."

Mwalimu akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, sikiliza kwanza. Mwaka 2011 wachunguzi wa Sweden walitangaza habari za ndege mmoja wa matopeni, mwenye mdomo mrefu, arukaye kutoka kwao mpaka Afrika kilomita 4,300 hadi 6,800, kwa siku mbili hadi nne tu, karibu bila kutua. Kabla ya kuondoka hula sana akanenepa, na mafuta ya mwili wake ndiyo akiba ya njiani. Afikapo amekonda. Hawa nao wametoka mbali. Ukimrusha bure, unampotezea chakula na nguvu. Je, msafiri akifika nyumbani kwenu na njaa, mtamwondoa mezani ili mwone jinsi atembeavyo?"

Kijana akatazama chini. Akalitupa jiwe nyuma yake, akampa mwalimu manati. Wakaketi wote kimya. Baada ya muda kitwitwi mmoja akawakaribia, wakaona wazi alama nyeupe iliyopanda mbele ya bawa lake. Halafu akaruka mwenyewe, chini chini juu ya maji, nao wakayaona mabawa yake pasipo jiwe. Yule kijana ndiye aliyeandika habari hiyo daftarini.

Wanafunzi wa Ngara hawana haja ya kwenda mpaka ziwani. Na watazame kwa mbali kingo za mito Ruvubu na Kagera, hasa penye mawe na matope, wakikaa mbali na maji. Mwenye subira huona mengi.

MASWALI

1. Kwa nini safari haikufanywa mwezi wa saba?
2. Yule korongo wa mwaka 1822 aliwafundisha watu nini?
3. Taja hatari tatu zilizomo ziwani.
4. Kwa nini si vema kumrusha ndege anayekula?