Piano kwa mwanga wa mishumaa: dondoo kwa wapenzi wa muziki Kinanira, Bujumbura

Bujumbura jua huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima; onyesho la kanisani la saa 1 usiku hupata giza la kutosha.

Piano kwanza. Unyevu wa hewa kando ya Ziwa Tanganyika huvimbisha mbao zake na kupandisha sauti za nyuzi. Fundi aisawazishe siku ileile ya onyesho, ikiwa imeshatulia kanisani, nota ya La ifike hezi 440. Hapa fedha isibaniwe.

Mishumaa ya moto ikae mbali na mapazia. Ya betri ni bora: haidondoshi nta kwenye mabenchi ya zamani.

Makofi yasubiri hadi kipande chote kiishe. Kwa mfano, sonata ya Beethoven ya 1801, Opus 27 namba 2, ina sehemu 3, na ya mwisho ndiyo kali kuliko zote.