Jengo la Kinu Kama Somo la Sayansi

Mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi ilipatikana Mwadui, Shinyanga, katika mgodi ulioanzishwa na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, baada ya ugunduzi wake wa mwaka 1940. Jiwe hilo lilikuwa na karati 54.5. Karati moja ni gramu 0.2; kwa hiyo uzito wake haukufika hata gramu 11. Lilipelekwa Uingereza, likawa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Jiwe linajulikana duniani kote. Kinu kilichowezesha mawe ya namna hiyo kupatikana hakijulikani.

Ndivyo ilivyo kwa Geita pia, ambako mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa wazi ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Ikiwa tani moja ya mbale, yaani mawe yenye madini, ina gramu 5 za dhahabu, basi kilo moja hudai kusagwa kwa tani 200. Ndiyo sababu majengo ya kusagia ni makubwa mno. Mgeni aonyeshwaye kipande cha dhahabu katika kabati la kioo tu huondoka bila kujua kazi iliyofanyika.

Huko Essen, Ujerumani, machimbo ya makaa ya mawe ya Zollverein yalifungwa mwaka 1986. Jengo la kuoshea makaa likageuzwa kuwa makumbusho, yakafunguliwa mwaka 2010. Mgeni hupandishwa kwa ngazi ya umeme hadi mita 24, kisha hushuka ghorofa kwa ghorofa, kama makaa yalivyoshuka kwa uzito wake yenyewe huku yakichambuliwa. Miguu humfundisha kabla hajasoma maandishi yoyote.

Vinu vya dhahabu vina tatizo lake: sianidi na zebaki. Sakafu na udongo sharti vipimwe kabla ya mwanafunzi kuingia. Lakini hasara isiyorekebishika ni mashine kuuzwa kama chuma chakavu, kwani hapo jengo hubaki ghala tu. Afadhali paa livujalo juu ya kinu kizima kuliko ukumbi uliopakwa rangi usio na kinu.

Zoezi: Ikiwa tani 100 za mwamba hutoa karati 6, ni tani ngapi zingehitajika ili kupata karati 54.5? Chora njia ya jiwe kutoka shimoni hadi meza ya grisi, ambapo almasi hunata na mawe mengine husombwa na maji. Onyesha mgeni asimame wapi.