Kabla Hujaongeza Spika ya Tatu

Wadogo zangu wa Mwingi, Desemba ikikaribia, ni nadra basi la kutoka Nairobi kufika stejini bila redio kubwa kwenye buti. Kuna zile amplifaya za mitumba tunazoziita ex-UK, kuna hom-thieta zilizonunuliwa Luthuli Avenue, na kuna spika zilizong'olewa kwenye matatu zikafungwa ndani ya boksi la plaiwudi. Zikifika nyumbani, zote zinaunganishwa kwenye amplifaya moja, Kakai Kilonzo anawekwa, na majirani wanavuta viti. Saa tatu usiku gitaa la besi linaingia vizuri, halafu kimya.

Swali ninaloulizwa ni hili: "Dada, amplifaya yangu inapiga sawasawa na spika mbili. Nikiongeza zingine mbili inajizima besi ikipanda, ikikaa kidogo inarudi. Imeharibika?" Haijaharibika, mdogo wangu. Ina kinga ndani, na kinga hiyo inakuokolea pesa zako. Mwenye kosa ni hizo spika mbili za nyongeza, na wala si kwa ubaya wao.

Geuza spika utazame nyuma yake. Utaona 8Ω, 6Ω au 4Ω. Hizo ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Wengi hudhani spika ya omu 8 ndiyo inayoichosha amplifaya kuliko ya omu 4. Ni kinyume kabisa. Omu zikipungua, umeme unapita kwa wingi zaidi, na wa kuutoa ni amplifaya. Chukua mashine inayotoa volti 20. Ikipewa omu 8 inatoa ampea 2.5, ambazo ni wati 50. Ikipewa omu 4 inatoa ampea 5, wati 100. Ikipewa omu 2 inatakiwa itoe ampea 10, wati 200. Ukisoma hivyo utafurahi, lakini transfoma iliyomo ndani ni ile ile, na transista ni zile zile. Punda wa maji aliyezoea mitungi minne ukimtwika minane ataondoka nayo, tena bila kulalamika, mpaka mahali atakapolala.

Sasa, ukiunganisha spika mbili za omu 8 kwa namna ya kawaida, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaziona kama omu 4. Mbili za omu 4 inaziona kama omu 2. Spika za gari kwa kawaida ni za omu 4, kwa sababu betri ya gari ni ya volti 12 tu na omu zikiwa chache ndipo wati hupatikana. Vispika vya hom-thieta navyo vingi vimeandikwa omu 3 au 4, maana vilitengenezwa viishi na amplifaya yao wenyewe. Ukivihamishia kwenye ex-UK iliyoandikwa omu 8 nyuma, umeitafutia mashine ya wenyewe matatizo.

Faida yenyewe mnayoikimbilia ni ndogo. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili wageni waseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. (Na katoni iliyoandikwa wati 5,000 PMPO msiiamini. Tazameni nyuma ya mashine, karibu na waya wa stima. Ikiwa imeandikwa inatumia wati 60, haiwezi kukaa usiku kucha ikitoa muziki wa zaidi ya hizo 60.)

Kwetu kuna jambo la ziada: joto. Amplifaya tayari ina moto wake, na sisi tunaiweka chini ya mabati, ndani ya kabati la kioo, dekoda juu yake, halafu mama anamalizia kwa kitambaa cha kufuma. Navipenda vitambaa hivyo, lakini matundu ya juu ndiyo pua ya hiyo mashine. Toa kitambaa, hamisha dekoda, acha nafasi ya kiganja kila upande.

Mashine ikianza kujizima, kuna fundi atakayekuambia dawa ni kuondoa kinga, au kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara inayong'aa. Mshukuru, uchukue redio yako uondoke. Transista za mwisho zikiungua bila kinga, zinaweza kuusukuma umeme usiobadilika moja kwa moja kwenye koili ya spika, nayo iungue. Hapo unanunua vitu viwili badala ya kutonunua chochote.

Wengine mmeona nyuma ya amplifaya swichi ya 8Ω na 4Ω. Ukiipeleka upande wa 4, mashine haiongezewi nguvu. Kwa nyingi, inapunguziwa volti za ndani ili isichemke, na sauti inapungua. Kama sauti inakutosha hivyo, sina neno. Kitufe cha A+B, cha kuwasha seti mbili za spika pamoja, nacho kisomeni. Mara nyingi utakuta kimeandikwa kwamba A peke yake inakubali omu 4, lakini A na B pamoja zinataka kila spika iwe ya omu 8. Maandishi hayo ni madogo kwa sababu nisiyoipenda.

Mmoja wa walioniuliza ana hoteli na anataka sauti ifike pembe zote nne. Huyu anasaidika bila kununua amplifaya nyingine. Kwa kila upande chukua spika mbili zinazofanana za omu 8. Waya chanya wa amplifaya uingie chanya ya spika ya kwanza, hasi ya kwanza iende chanya ya pili, na hasi ya pili irudi kwenye amplifaya. Mafundi huiita sirisi. Omu zinajumlishwa, zinakuwa 16, na mashine inapumua. Sauti kwa jumla itakaribia ile ya spika moja, ila sasa imesambaa, na mteja wa pembeni hapigiwi kelele. Akitaka nne kwenye upande mmoja, afanye jozi mbili za namna hiyo kisha aziunganishe kwa ile namna ya kawaida, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi: zinarudi omu 8 zile zile. Ila hasi ya upande wa kushoto isiguse kamwe hasi ya kulia, maana kwenye mashine nyingi za sasa kugusana huko ni kuziua.

Maandishi ya omu nyuma ya spika yakiwa yamefutika, fundi apime kwa mita, spika ikiwa imechomolewa. Ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma 3 na kidogo. Mkimaliza kuunganisha kila kitu, apime tena kwenye ncha mbili zitakazoingia kwenye amplifaya. Ikisoma chini ya 5 na nyuma ya mashine pameandikwa omu 8, msiwashe.